Joto la Mjini na Haki ya Kivuli

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyelijaalia jua kuwa taa na kivuli kuwa pumziko, akaupanga usiku uwe wa utulivu na mchana uwe wa kutafuta riziki. Tunamshukuru kwa neema zake tunazozijua na tusizozijua. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, madukani na njiani, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Na miongoni mwa kumcha Mwenyezi Mungu ni kutomdhulumu mtu haki yake, iwe haki hiyo ni kubwa au ndogo machoni petu. Leo tumekusudia kuizungumza haki moja ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa ni haki. Nayo ni kivuli.

Tumo katika majira ya kaskazi. Hapa Dar es Salaam, tangu Desemba hata Machi, jua hukaa juu ya utosi, hewa hulowa unyevu wa bahari, na jasho hutiririka wala halikauki. Hayo tumezaliwa nayo, na wazee wetu walizaliwa nayo vile vile. Lakini lipo jambo jingine ambalo wazee wetu hawakuzaliwa nalo. Mtu akiondoka Kisarawe wakati wa magharibi, akaingia mjini baada ya isha, huhisi joto likimpokea kama mtu aliyefunguliwa mlango wa jiko. Huko alikotoka, majani yamekwisha kupoa na upepo umekwisha kuwa mwepesi. Huku alikofika, akiweka kiganja chake ukutani saa nne ya usiku, ukuta ungali na moto wa adhuhuri. Jua ni lile lile, na siku ni ile ile. Kilichotofautiana ni mahali, na mahali pale pamefanywa na watu.

Jambo hili halikuanza kwetu, wala si dhana ya wasiopenda mjini. Kiasi cha miaka 200 iliyopita, katika mji wa London, alikuwapo mtu mmoja mtengenezaji wa dawa aitwaye Luke Howard, ambaye ndiye aliyeyapa mawingu majina yanayotumiwa na wataalamu mpaka leo. Huyu alipima joto la mjini na joto la mashambani siku baada ya siku kwa miaka mingi, kisha akaandika kitabu kilichoanza kutoka mwaka 1818. Aligundua kwamba wakati wa usiku mji ule ulikuwa na joto zaidi kuliko viunga vyake kwa takriban daraja 2 za Sentigredi. London ya zama zile haikuwa na motokaa wala lami. Basi tujiulize itakuwaje hali ya miji ya leo. Wataalamu wa siku hizi huufananisha mji na kisiwa, kisiwa cha joto katikati ya bahari ya hewa iliyo baridi zaidi.

Sababu zake zaeleweka hata na asiyesoma. Ardhi yenye miti hunywa maji ya mvua, na miti huyatoa maji yale kwa majani yake kidogo kidogo, mfano wa mtu anayetoka jasho. Na kama vile jasho linavyoupoza mwili, ndivyo mvuke ule unavyoipoza hewa. Lami na zege hazina jasho. Hunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku kucha. Kuta zilizosongamana hulizuia joto lisipande kwenda zake mbinguni, na huuzuia upepo wa bahari usiingie mitaani. Juu ya hayo tumeongeza magari yenye injini za moto, na mashine za kupoza hewa ambazo hakika yake ni kwamba haziliondoi joto duniani, bali hulichukua chumbani mwa mwenye mali na kulimwaga uchochoroni kwa jirani yake. Hili la mwisho tunawaomba wenye mashine hizo walifikiri kwa makini. Hatusemi kuwa ni haramu mtu kujipoza nyumbani mwake. Tunasema kwamba baridi yake ina mtu mwingine anayeilipia, naye hakuulizwa.

Mwaka 1967 watu waliohesabiwa katika Dar es Salaam hawakufika 300,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa zaidi ya milioni 5. Watu wote hao walihitaji mahali pa kulala, na palipokuwa na minazi na mikorosho pakawa na vyumba vya matofali ya saruji na mapaa ya mabati. Hatumlaumu mtu kwa kujenga. Lakini hapana budi tukubali kwamba tulipojenga tuliondoa kitu, na tulichokiondoa hatukukirudisha.

Wako wanaosema: joto ni amri ya Mwenyezi Mungu, na mja hana la kufanya ila kusubiri. Maneno haya yana ukweli na yana udhuru. Ukweli wake ni kwamba jua ni la Mwenyezi Mungu, na majira ni yake. Lakini Mwenyezi Mungu huyo huyo ametufahamisha katika Sura ya Ar-Rum kwamba uharibifu uliodhihiri barani na baharini umetokana na yale yaliyochumwa na mikono ya watu, ili waonjeshwe baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Basi katika joto hili liko fungu la Muumba, ambalo kwalo tunasubiri na kulipwa thawabu; na liko fungu la mikono yetu, ambalo kwalo tutaulizwa. Mwenye kuyachanganya mafungu haya mawili anamsingizia Mola wake kazi aliyoifanya yeye mwenyewe.

Tunajua pia kwamba joto la dunia nzima limezidi. Mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko miaka yote tangu watu walipoanza kuweka vipimo, na chanzo kikubwa cha hayo ni moshi wa makaa na mafuta uliofukizwa kwa miaka mingi na mataifa yenye viwanda vikubwa. Katika dhambi hiyo sehemu yetu ni ndogo sana, na yatupasa tuidai haki yetu kwa sauti kubwa. Lakini mwembe uliokatwa Temeke haukukatwa na mtu wa Ulaya.

Ndugu Waislamu, hebu tuyatazame majina ya mitaa yetu. Hapa Dar es Salaam tuna Mwembechai, na Mwembe Yanga, na Mnazi Mmoja, na Mkwajuni, na Mikocheni. Wenzetu wa Unguja wana Mkunazini, na Miembeni, na Mwembetanga, na Mwembeladu. Mombasa wana Mwembe Tayari. Wazee wetu hawakuita mahali kwa jina la tajiri aliyejenga pale, wala kwa jina la jumba refu. Waliita kwa jina la mti, kwa sababu mti ndio uliokuwa mahali penyewe: hapo watu walikutana, walipumzika, walisubiriana, waliuza na kununua, walisuluhishana. Leo katika mingi ya mitaa hiyo, mgeni akiuliza, mti wenyewe uko wapi, hana wa kumwonyesha. Limebaki jina tu, na jina halina kivuli.

Na dini yetu inasemaje juu ya kivuli? Katika Sura ya An-Nahl, Mwenyezi Mungu anapozihesabu neema zake juu yetu, ametaja kwamba katika vile alivyoviumba ametufanyia vivuli, na katika milima ametufanyia mahali pa kujistiri, na nguo za kutukinga na joto. Ametaja kivuli kwanza, kabla ya nguo. Na katika Sura ya Al-Qasas tumesimuliwa habari za Nabii Musa alipofika Madyan, naye ni mkimbizi, mgeni, hana chakula wala jamaa. Aliwanyweshea wanyama wale mabinti wawili, kisha akageuka akaenda kivulini, na hapo kivulini ndipo alipomwomba Mola wake kwa unyonge, akitaja uhitaji wake wa heri yoyote atakayoteremshiwa. Dua ile ilijibiwa kwa nyumba, na kazi, na mke. Tunapokisoma kisa hiki, mara nyingi tunawakumbuka wale mabinti na baba yao, tukakisahau kivuli. Lakini mtu yule alikuwa mfanyakazi aliyekwisha kumaliza kazi nzito juani, na alipata mahali pa kuuweka mwili wake. Tujiulize: lau Nabii Musa angefika leo katika kituo chetu cha mabasi saa saba ya mchana, angegeukia wapi?

Bwana Mtume (rehema na amani zimshukie) amewatahadharisha watu na matendo mawili yanayomletea mwenye kuyatenda laana za watu: kwenda haja katika njia wanayopita, na kwenda haja katika kivuli wanachokitumia. Wanavyuoni wameeleza kwamba sababu ni kuwa mtendaji amewanyima watu manufaa yao. Nasi twauliza kwa njia ya kupima jambo kwa jambo: ikiwa mwenye kukichafua kivuli amestahiki kulaaniwa, ilhali uchafu waweza kuoshwa na watu wakarudi kukaa, vipi yule anayekiondoa kabisa, watu wasikipate tena kwa muda wa miaka 20?

Na imepokewa katika mkusanyo wa Abu Daud hadithi yenye onyo kali la moto kwa mwenye kuukata mkunazi. Wako wanavyuoni waliozungumza juu ya nguvu ya hadithi hii, nasi hatufichi. Lakini Abu Daud mwenyewe alipoulizwa maana yake alifafanua kwamba makusudio ni mkunazi ulioko jangwani, ambao wapita njia na wanyama hupata kivuli chake, kisha mtu akaukata kwa upuuzi na dhulma, bila ya haki yoyote. Tazameni jinsi alivyoeleza. Hakuutukuza mti kwa kuwa ni mti. Aliitazama haki ya msafiri na ya mnyama asiyesema. Na mkunazi ndio ule ule uliowapa watu wa Unguja jina la mtaa wao.

Sasa tutasema jambo ambalo kulisema kwetu ni kuzito, lakini mwenye kuhutubia watu hana haki ya kujiacha nje. Uko msikiti mmoja katika mji huu ambao mbele ya mlango wake palikuwa na mkungu mkubwa, wenye matawi yaliyotandaa kama mwavuli. Chini yake alikaa muuza kahawa, na wachukuzi waliegesha mikokoteni yao, na wazee walisubiri alasiri. Ilipofika siku msikiti ukapata fedha za kutengeneza, kamati ilikaa ikaamua mkungu ukatwe, pasakafiwe kwa zege, pawe pa kuegesha magari. Ikasemwa kwamba majani yake yanachafua na mizizi yake inainua ngazi. Sisi tulikuwamo katika kamati ile. Hatukupinga. Tuliona ni maendeleo, na kazi ilipokwisha tukapigana picha.

Kaskazi iliyofuata, zege lile lilikuwa haliwezekani kukanyagwa bila viatu. Sala ya Ijumaa watu huzidi wakasali nje, nao walikuwa wakitandika maboksi chini ya misala ili wapate kusujudu. Muuza kahawa alihama. Mzee mmoja asiyeona, ambaye kila siku alikuwa akiletwa na mjukuu wake baada ya adhuhuri na kuachwa pale mpaka alasiri, alikuja siku mbili tatu akakaa juani ukutani, kisha hakuja tena. Tulipokwenda kumtazama nyumbani alitupokea kwa heshima, akatuuliza habari za watoto wetu, wala hakuutaja mkungu hata kidogo. Tungalipenda autaje. Magari yanayoegeshwa pale siku za kawaida hayazidi matatu.

Tumelisimulia hili si kwa kujitia lawama mbele ya watu, bali kwa sababu hivyo ndivyo vivuli vinavyoondoka. Mara chache huondolewa na mtu mwovu. Huondolewa na watu wema waliokaa kitako chumbani penye feni, wakipanga jambo jema, na yule atakayekosa kivuli hayumo katika kikao.

Maana joto, ndugu zetu, haliwapati watu sawasawa. Mwenye nyumba yenye bustani na mwenye chumba kimoja chini ya bati wanatajiwa daraja moja katika habari za hewa, lakini hawalali usiku mmoja. Mwili wa mwanadamu hutaka ukae kwenye daraja 37. Mchana ukichemka, moyo hufanya kazi ya ziada kuupoza; na usiku ukipoa, moyo hupumzika. Usiku usipopoa, moyo haupumziki, na siku ya pili, na ya tatu, mzee au mgonjwa hushindwa. Mwezi wa Julai mwaka 1995, mji wa Chicago huko Marekani ulishikwa na joto kali kwa siku chache tu, wakafa watu zaidi ya 700. Wengi wao walikuwa wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Baadaye mwanachuoni mmoja, Eric Klinenberg, alichunguza mitaa miwili iliyopakana, North Lawndale na South Lawndale, yote miwili ikiwa na mafukara wengi na wazee wengi wanaokaa pweke. Katika mmoja, vifo kwa kulinganisha na idadi ya watu vilikuwa takriban mara 10 ya vifo vya mtaa wa pili. Alichokiona ni kwamba mtaa ulionusurika ulikuwa na maduka, na watu njiani, na mahali ambapo mzee angeweza kutoka akaenda, na watu wakamwona. Ilhali katika mtaa ule mwingine nyumba nyingi zilikuwa zimeachwa tupu na wazee walijifungia ndani kwa hofu. Sisi tulifundishwa haki ya jirani kabla Chicago haijawa mji. Inafaa tuulizane ni wangapi kati yetu waliobisha hodi wiki hii kwa bibi anayekaa peke yake chumba cha uani.

Wala msiba huu haukukaa Marekani tu. Katika Hija ya mwaka 1445, yaani Juni mwaka 2024, joto la Makka lilipita daraja 51, na serikali ya Saudia ilitangaza kwamba mahujaji 1,301 walifariki. Katika kila 100 waliofariki, 83 walikuwa ni wale wasiokuwa na kibali, ambao kwa ajili hiyo walitembea masafa marefu juani bila ya hema wala mahali pa kupumzikia. Mwenyezi Mungu awarehemu na awakubalie. Jua la Arafa liliwawakia wote, tajiri na fukara, mwenye kibali na asiye nacho. Tofauti kubwa ilikuwa ni kivuli. Na katika uwanja huo huo wa Arafa imepandwa maelfu ya miarobaini, mti huu huu wa uani kwetu, ili wageni wa Mwenyezi Mungu wapate kujisitiri. Na sakafu ya kuuzunguka msikiti wa Makka imetandikwa marumaru nyeupe inayorudisha jua, hata mtu huweza kutufu bila viatu wakati wa adhuhuri. Waliopanda na waliotandika walijua kwamba ibada inahitaji mwili, na mwili unahitaji kukingwa.

Sheria yetu nayo imelijua hilo tangu mwanzo. Bwana Mtume aliamuru joto linapokuwa kali sala ya adhuhuri icheleweshwe mpaka kupoe kidogo. Na katika safari mmoja mwadhini alipotaka kuadhini alimwambia angoje, na angoje tena, mpaka watu wakaona vivuli vya vilima. Wanavyuoni wamehitilafiana kama ruhusa hiyo inaingia katika sala ya Ijumaa au haiingii, na hapa si mahali pa kulichambua. Lakini wakati wa joto la mwaka 2024 Falme za Kiarabu ziliamuru hotuba ya Ijumaa isizidi dakika 10. Wako waliokwisha kuangalia saa zao, nasi tumewaona. Tutafupisha, inshallah.

Ikiwa sala, ambayo ndiyo nguzo, imesogezwa kwa ajili ya joto, basi tajiri anayemsimamisha kibarua juu ya paa tangu saa tano hadi saa tisa bila ya kivuli wala maji, na kumkata ujira akikaa, ana hoja gani? Kazi ya paa na ya kumwaga zege yaweza kuanza alfajiri na kurudiwa alasiri. Miaka hii Ramadhani imeangukia katika kaskazi na mwishoni mwake. Ile ya mwaka 2024 na ile ya mwaka 2025 zote mbili zilitukuta Machi. Tunawakumbusha wanaofunga hali wakifanya kazi nzito juani: mtu hunuia saumu yake na kuianza, na akihofia madhara ya kweli juu ya nafsi yake, sheria imemruhusu afungue na ailipe siku nyingine. Kufa kwa kiu si katika uchamungu. Na mtu akionekana anapayuka, au anapepesuka, na ngozi yake ni ya moto, msimwache alale mkidhani ni uchovu. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwilini na kumpepea, na apelekwe hospitali upesi. Na kama fahamu zimempotea msimtie maji kinywani.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na mashine, lakini walijua kukaa na jua. Nani katika sisi hajaingia Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu wakati wa adhuhuri, akastaajabu jinsi kulivyo na ubaridi? Njia zimefanywa nyembamba makusudi, ukuta wa huyu umkinge yule. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari ziko juu. Ndani mna kiwanja wazi kinachoteremsha hewa. Lamu yako mawikio, vyumba vilivyojengwa kuvuka njia kutoka nyumba hata nyumba, na mpita njia hupita chini yake kivulini. Mwenye nyumba amepata chumba, na mtu asiyemjua amepata pumziko. Na nje ya mlango pana baraza ya mawe, aketi anayetaka. Kila nyumba ilitoa kitu njiani. Nyumba zetu za leo zina ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu, na upande wa njiani hazitoi kitu ila joto.

Hatusemi turudi kujenga kwa matumbawe. Yako mambo yaliyo karibu zaidi. Katika mji wa Ahmedabad huko Gujarati, ambako wengi katika ndugu zetu wa hapa wana asili yao, joto la Mei mwaka 2010 lilifika karibu daraja 47, na waliofariki zaidi ya kawaida ya mwezi ule walikadiriwa kuwa zaidi ya 1,300. Mwaka 2013 mji ule uliweka mpango: watu wakaonywa mapema kabla ya siku za joto, wauguzi wakafundishwa, na baadaye mapaa ya nyumba za mafukara yakaanza kupakwa rangi nyeupe ya chokaa, kwa kuwa weupe hulirudisha jua lilikotoka. Jambo hili ni la gharama ndogo. Mwenye nyumba za kupangisha, ambaye hupokea kodi kila mwezi kutoka vyumba sita vyenye bati lililokwisha kushika kutu, anaweza kulipaka bati lile rangi nyeupe na kuweka dari chini yake, na wapangaji wake wakalala. Hiyo ni sadaka, na kwa mwenye kuipima vizuri ni karibu na deni.

Na miti. Bwana Mtume amefundisha kwamba Mwislamu akipanda mche, kila atakachokula mtu, au ndege, au mnyama katika mti ule huandikiwa yeye kuwa ni sadaka. Na amehimiza mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kimesimama. Tena ni watu wangapi wameweka wakfu kisima, au shamba, au nyumba, kwa ajili ya msikiti! Hatuoni kizuizi cha mtu kuupanda mti njiani, kwa idhini ya wenye mamlaka ya njia, na kuutia nia kuwa ni wakfu wa wapita njia. Lakini aumwagilie maji mpaka upite kaskazi mbili. Sherehe za kupanda miti tumezihudhuria nyingi. Tulizozikosa ni sherehe za kumwagilia.

Kwa wale wanaopanua barabara na kupima viwanja tuna neno moja. Njia ni mali ya wote, na haki ya njia haikomei kwenye magari. Anayekwenda kwa miguu ndiye mwenye njia tangu zama za Adam. Mnapochora njia, chorani na kivuli chake, na mti unaposimama ukingoni kwanza tafuteni namna ya kuupisha.

Ama sisi wa msikiti ule, kamati imekwisha kukaa tena. Zege litavunjwa upande wa mlangoni, na shimo litachimbwa kabla ya masika. Mche wa mkungu umekwisha kupatikana, una urefu wa mkono mmoja, na uko ndani ya debe karibu na mahali pa kutawadha ili upate maji yanayomwagika. Kivuli chake, akipenda Mwenyezi Mungu, watakikalia watoto wa wale wanaotusikia leo. Mpaka wakati huo, tumefunga turubai, na chini yake tumeweka mtungi wa maji na benchi mbili. Yule mzee tumemtumia habari.

Ee Mwenyezi Mungu, tuletee mvua ya heri, isiyobomoa wala kugharikisha. Wahifadhi wanaofanya kazi juani, na wazee wetu, na wagonjwa wetu, na watoto wachanga. Warehemu waliotutangulia, na wale walioipanda miti tuliyoikuta. Utusamehe kwa ile tuliyoikata. Na utujaalie kivuli chako Siku ambayo hapana kivuli isipokuwa hicho.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu na ya Waislamu wote. Simameni msali, na walioko nje wasogee ndani, nafasi ipo, safu ya mbele haijajaa.